Sukari ya paka inapopanda na kushuka: jinsi ya kuituliza ukiwa nyumbani

Paka akishaanzishiwa insulini, mwenye paka naye huanza shule. Asubuhi kipimo kinasoma 19, mchana 6, jioni 18, na kesho yake asubuhi 11 bila sababu yoyote inayoonekana. Hapo mkono huanza kuwasha. Mtu anaongeza dozi kidogo leo, anapunguza kesho, keshokutwa anabadilisha chakula, na wiki ikiisha hajui tena kipi kilisababisha nini. Ukiniuliza mimi, kuyumba kwingi kwa sukari ya paka kunatokana na mambo mawili: utaratibu wa nyumbani usiotulia, na sisi wenyewe kuikimbiza namba moja. Ndiyo maana hatua hizi zimepangwa hivi. Rekebisha kwanza ratiba, sindano na chakula. Dozi iguswe baadaye, na iguswe kwa kushauriana na daktari wa wanyama.

Namba zote hapa ni za mmol/L. Kama kipima chako kinasoma mg/dL, zidisha kwa 18: 5 inakuwa 90, 15 inakuwa 270.

Kabla ya yote: unatafuta nini?

Kisukari cha paka walio wengi kinafanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu. Kongosho bado linatoa insulini, ila haitoshi, na mwili umekuwa mzito kuiitikia, mara nyingi kwa sababu ya unene, umri au dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na muwasho. Sukari ya paka mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi. Ikivuka 14 hadi 16, figo hushindwa kuizuia, inatoka na mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo ile kiu isiyokwisha na yale mabonge makubwa ya mchanga uliolowa kwenye choo chake.

Usitafute 5 kutwa nzima. Paka anayechomwa insulini huhesabiwa kuwa ametulia ikiwa kiwango chake cha chini kabisa kwa siku kiko kati ya 4.5 na 8 hivi, cha juu hakivuki 16 au 17, uzito haupungui, na anakunywa maji kama paka mwingine yeyote. Sukari kupanda na kushuka ndani ya mipaka hiyo ni kawaida. Hata kwa dozi ileile na chakula kilekile, siku mbili zinazofuatana hazitoi matokeo yanayolingana.

Halafu kuna hofu. Paka aliyeogopeshwa anaweza kufika 16 au zaidi hata kama hana kisukari kabisa. Kipimo kimoja kilichochukuliwa kliniki, baada ya safari ndani ya boksi na kubanwa mezani, hakitoshi kubadilishia dozi.

Hatua ya 1: Funga ratiba

Sindano ni mbili kwa siku, zikipishana kwa muda wa saa 12. Chagua saa unazoweza kuzishika hata siku za mapumziko, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku kwa mfano. Pima sukari, mpe chakula, na akishaanza kula vizuri ndipo umchome. Ukichelewa nusu saa hakuna kilichoharibika. Ukiisahau sindano kabisa, achana nayo, endelea na inayofuata kwa dozi ileile ya kawaida. Hakuna kulipa deni la insulini.

Kama mnachoma watu wawili au zaidi nyumbani, bandikeni karatasi mlangoni pa friji na kila anayechoma aweke saa na jina lake papo hapo, si baadaye. Na kama huna uhakika kama paka ameshachomwa, usimchome. Sindano moja iliyorukwa itapandisha sukari kwa siku moja. Dozi mbili mfululizo zinaweza kumuua.

Hatua ya 2: Ikague sindano kabla hujailaumu dozi

Hapa ndipo penye makosa mengi, na ndiyo hatua ambayo watu huipita haraka wakidhani wameshaimudu.

Anza na bomba lenyewe. Insulini huuzwa kwa ukali tofauti: kuna ya uniti 40 kwa mililita moja, U-40, ambayo ni nyingi kati ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, na kuna ya uniti 100, U-100, kama glargine. Kila moja ina mabomba yake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka alama ya uniti 2, umevuta uniti 5. Ukikosea kinyume chake, paka anapata chini ya nusu ya dozi, na sukari inabaki juu huku wewe ukidhani dawa haifanyi kazi. Soma maandishi ya chupa, soma ya bomba, kila unapofungua boksi jipya. Tafuta mabomba ya mililita 0.3 yenye alama za nusu uniti. Dozi za paka ni ndogo, na tofauti kati ya uniti 1 na 1.5 haipimiki kwa kukisia.

Insulini ikae kwenye friji, mbali na sehemu inayogandisha. Ikiganda hata mara moja, tupa. Ikiachwa juani au ndani ya gari, tupa. Glargine lazima iwe angavu kama maji. Ukiona ukungu ndani yake, imeharibika. Zile zenye rangi ya maziwa huchanganywa kwanza, na namna ya kuchanganya inatofautiana: nyingine hubingirishwa taratibu kati ya viganja, nyingine mtengenezaji anataka zitikiswe. Fuata karatasi iliyokuja na chupa yako, si ya jirani.

Sasa mkono. Watu wengi huchoma kwenye ngozi ya shingoni kwa sababu ndiyo rahisi kuikamata, lakini ngozi ya pale ni nene, na ukirudia palepale miezi inakuwa ngumu na dawa haipenyi sawasawa. Hamia ubavuni na kwenye ngozi ya pembeni ya tumbo, leo kulia kesho kushoto. Inua ngozi kwa vidole viwili ipate umbo la hema dogo, ingiza sindano chini ya hema hilo, sukuma taratibu, hesabu moja mbili tatu, kisha toa. Paka mwenye manyoya marefu anaweza kukudanganya: sindano inapita upande wa pili wa mkunjo na dawa yote inaishia kwenye manyoya. Kila ukimaliza, pitisha kidole pale ulipochoma kisha kinuse. Insulini ina harufu ya dawa ya hospitali, kali kidogo, haisahauliki. Ukiikuta na manyoya yamelowa, andika kwenye daftari kwamba sindano hii haikuingia, na usimchome tena, kwa sababu hujui ni kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimemwagika. Usiku huo sukari itakuwa juu, na utakuwa unajua kwa nini.

Hatua ya 3: Chakula kisichobadilika badilika

Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake haukuumbwa kupambana na wanga mwingi, na chakula kikavu cha punje karibu kila mara kina wanga wa kutosha kwa sababu punje haziwezi kushikana bila huo wanga. Chakula laini cha makopo kwa kawaida kina wanga kidogo na protini nyingi, ndicho kinachofaa. Angalia tu vile vyenye mchuzi mzito. Uzito wa mchuzi mara nyingi ni unga.

Ila kuna mtego. Ukimtoa paka aliye kwenye insulini kwenye punje na kumweka kwenye makopo ghafla, mahitaji yake ya insulini yanaweza kuporomoka ndani ya siku chache, na dozi iliyokuwa sawa Jumatatu ikawa hatari Ijumaa. Mabadiliko ya chakula yafanyike polepole, daktari akijua, na wiki hiyo upime sukari kila kabla ya sindano.

Kingine ni vitafunio na bakuli za wengine. Nyumba yenye paka watatu na chakula kilichoachwa wazi kutwa haitakupa namba zinazoeleweka. Kula kidogo kidogo mara nyingi si kosa, alimradi kiasi cha siku nzima ni kilekile. Kama ni mnene, apungue taratibu, asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wake kwa wiki. Kumkosesha chakula ili apungue haraka kunaweza kumletea ugonjwa mbaya wa mafuta kwenye ini.

Hatua ya 4: Pima nyumbani

Tone linatoka sikioni. Pasha sikio joto kwanza kwa kitambaa cha uvuguvugu ulichokiweka ndani ya mfuko mkavu, nusu dakika hivi. Sikio baridi halitoi damu hata utoboe mara ngapi. Ukiliangalia sikio kwenye mwanga utaona mshipa unaopita karibu na ukingo. Usiulenge mshipa wenyewe. Lenga sehemu nyembamba kati ya mshipa na ukingo, weka pamba nyuma ya sikio ili usijitoboe kidole, kisha toboa. Tone dogo kama kichwa cha pini linatosha. Sogeza stripi, kile kijikaratasi cha kipima, iguse tone, iachie inyonye yenyewe. Halafu bana pale kwa pamba, hesabu hadi kumi, na umpe kipande cha nyama. Kile kipande cha nyama kisikose: baada ya wiki kadhaa paka wengi huja wenyewe wakisikia kipima kinalia.

Kuhusu kipima, vipo vilivyorekebishwa kwa ajili ya damu ya paka na vipo vya binadamu. Vya binadamu kwa paka mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli, kwa sababu sukari ya paka imekaa zaidi kwenye maji ya damu kuliko ndani ya chembe nyekundu, tofauti na yetu. Vinafaa, lakini chagua kimoja na ubaki nacho, na mwambie daktari ni kipi. Tena kipima chochote cha nyumbani kina kosa lake la kawaida, hata asilimia 15. Ukisoma 12.1 kisha 13.2, hiyo ni namba moja.

Kuna pia vihisio vinavyobandikwa kwenye ngozi na kusoma mfululizo hadi siku 14, ingawa kwa paka mara nyingi hubanduka kabla. Vinasaidia sana kuona yanayotokea usiku. Vikionyesha sukari imeshuka mno, hakikisha kwa damu ya sikio, maana vinasoma majimaji ya chini ya ngozi, na hayo huchelewa nyuma ya damu.

Hatua ya 5: Chora siku nzima

Chagua siku ya kawaida. Pima kabla ya sindano ya asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili mpaka sindano ya jioni. Ikishuka chini ya 8, pima kila saa. Tuseme umepata hivi, nikiviacha vipimo vya katikati: saa 1 asubuhi 19.2, saa 3 14.0, saa 5 8.8, saa 7 mchana 5.6, saa 9 7.9, saa 11 13.1, saa 1 usiku 18.4.

Anayetazama asubuhi na jioni pekee ataona 19 na 18 na kuongeza dozi. Lakini tazama saa 7 mchana. Insulini imeshamfikisha 5.6, hakuna nafasi ya kushuka zaidi. Ukiongeza, mchana huo utageuka 3 au 2. Shida hapa ni muda: dawa inaisha nguvu kabla ya muda wa saa 12 kutimia. Hilo ni la kuzungumza na daktari kuhusu insulini inayodumu zaidi. Namba ya chini ndiyo inayoamua dozi, na huwezi kuijua kwa kupima asubuhi na jioni tu.

Mchoro ukiwa tambarare, 20, 18, 17, 18, 20, basi ama dozi ni ndogo, ama dawa imeharibika, ama haiingii mwilini, ama kuna ugonjwa mwingine unaoipinga. Rudi hatua ya 2 kabla ya kuongeza.

Mchoro unaoporomoka kwa kasi kisha kuruka juu sana na kubaki huko una maelezo yake ya zamani: sukari ikishuka mno, mwili hujitetea kwa homoni zinazoipandisha. Mwanakemia Michael Somogyi alilieleza jambo hili kwa binadamu katika miaka ya 1930. Wengi sasa wanaona kwamba kwa paka halitokei mara nyingi kama ilivyodhaniwa, hasa kwa wanaotumia glargine. Usilitumie kueleza kila namba ya juu, ila ukiuona mchoro wa namna hiyo, jibu lake ni kupunguza dozi.

Hatua ya 6: Gusa dozi kwa adabu

Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyongeza ziwe ndogo, nusu uniti au uniti moja kadiri daktari atakavyosema, kisha subiri siku tano hadi saba kabla ya kuhukumu, kwa sababu mwili huchukua muda kuizoea dozi mpya. Kupunguza hakusubiri: ukipata namba iliyo chini mno, dozi inashuka mara moja.

Mwombe daktari akupe mapema namba ambayo ukiipata kabla ya sindano hutachoma bila kumpigia. Kwa anayeanza, wengi huiweka karibu na 10 au 11. Na paka akikataa chakula au akiacha zaidi ya nusu, usimchome dozi kamili. Piga simu uulize kama apewe nusu au asipewe kabisa. Asiyekula siku nzima apelekwe.

Sukari ikishuka mno

Chini ya 3.5 ni dharura, hata akionekana mzima. Dalili ni njaa ya ghafla, kutotulia, kuyumba kama mlevi, macho yaliyotanuka mboni, kutetemeka, mwishowe degedege na kuzimia. Wengine hukaa tu kimya wakiangalia ukuta.

Kama anaweza kumeza, mpe chakula papo hapo, na hapa ndipo chakula chenye wanga kinapofaa. Kama amelegea au hataki kula, mpake asali au sukari nzito iliyoyeyushwa kwenye fizi, kiasi cha kijiko cha chai, kidogo kidogo. Usimmiminie maji ya sukari mdomoni, yataingia mapafuni, na usiingize vidole kati ya meno ya paka mwenye degedege. Asali ipakwe kwenye ukingo wa nje wa fizi. Pima tena kila baada ya dakika 15 hadi 30. Asali hupandisha haraka na kuisha haraka huku insulini ikiendelea kufanya kazi, kwa hiyo lazima chakula kifuate. Degedege au kuzimia ni safari ya kliniki hata kama amezinduka. Sindano inayofuata isitolewe mpaka uwe umezungumza na daktari.

Upande wa pili wa hatari ni ketoni, tindikali zinazojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini. Paka mwenye sukari ya juu anayetapika, aliyelegea, asiyekula, na pumzi yake ina harufu tamu ya kiondoa rangi ya kucha, haraka kwa daktari, usiku huohuo. Stripi za mkojo za kupimia ketoni ni vizuri ziwepo nyumbani. Nyongeza kidogo hapa: vipo vidonge na dawa za maji za kupunguza sukari kwa paka, bexagliflozin iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na velagliflozin mwaka 2023. Zimelenga paka ambao hawajawahi kutumia insulini, na zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa nzuri, kwa hiyo si za kujaribu kwa paka aliyezoea sindano.

Hatua ya 7: Kila kitu kiko sawa na bado inayumba

Basi tafuta kinachoipinga insulini. Anza mdomoni: meno mabovu na fizi zilizovimba hupandisha sukari, na paka hatafuni kwa upande mmoja bila wewe kugundua. Kisha mkojo, maana mkojo wenye sukari hualika maambukizi. Kisha kongosho, ambalo likivimba leo na kutulia kesho huifanya sukari ipande na kushuka bila mpango. Paka wa namna hii hula vizuri wiki moja na kususa inayofuata. Kisha tezi ya shingo (thairoidi) kwa paka wazee. Dawa: sindano ya steroidi ya muda mrefu, hata matone ya macho au ya masikio yenye steroidi.

Na kuna homoni ya ukuaji inayotoka kwa wingi kutoka uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Nchini Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba karibu paka mmoja kati ya wanne wenye kisukari ana tatizo hili. Ishara yake ni paka ambaye dozi inapanda na kupanda bila matokeo, anakula kama mwehu, na badala ya kukonda anaongezeka uzito. Hujulikana kwa kipimo cha damu kiitwacho IGF-1. Ukiwa na paka wa hivyo, omba kipimo hicho kabla ya kuongeza uniti nyingine.

Sukari ikianza kushuka yenyewe

Hutokea, hasa kwa waliogunduliwa mapema na kuwekwa kwenye chakula cha wanga kidogo: kongosho linapata nafuu na dozi ya jana inakuwa kubwa leo. Utaona namba ya mchana inashuka wiki hadi wiki, kisha hata ile ya asubuhi inasoma 7 au 8 kabla ya sindano. Wanaoshindwa hapa ni wale walioacha kupima kwa kuwa mambo yalikuwa mazuri. Punguza nusu uniti kwa nusu uniti pamoja na daktari, na akikaa wiki nne bila insulini huku namba zikiwa za kawaida, huo ndio unafuu wenyewe.

Chakula kibaki kilekile, uzito upimwe kila mwezi, sikio litobolewe mara moja kwa wiki. Kila daktari atakayemshika aambiwe kwamba aliwahi kuwa na kisukari, kabla hajachomwa steroidi ya muwasho au ya pumu, maana hiyo peke yake inaweza kumrudisha kwenye insulini.